Insafu ya Mwenye Nguvu

Wanajumuiya wapenzi, wana wa Njombe na Makambako mlioko ughaibuni,

Miongoni mwa walimu waliopata kuitumikia nchi yetu, Julius Kambarage Nyerere, aliyesomesha Tabora na baadaye Pugu, hata mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa, alituachia somo ambalo sisi tukaao katika nchi za watu tunalihitaji kila siku: kwamba mdai wa usawa hupimwa hasa siku apatapo nguvu za kumdhulumu mwenziwe.

Tanganyika ya wakati huo iligawa hata madarasa kwa rangi, Wazungu na shule zao, Wahindi na zao, Waafrika na zao. Na pale Iringa, kwa jirani zetu, ikajengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, ambayo leo, baada ya kupewa jina la Mkwawa, ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Uchaguzi wa 1958 na 1959 nao ulimlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, sharti lililowaudhi wengi. Lakini Mwalimu, katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, aliwanasihi wenziwe washiriki, na chama kikawaunga mkono Waasia na Wazungu walioukubali usawa, kikashinda.

Mtihani mkubwa ulikuja Oktoba 1961, uhuru ukiwa umebakiza majuma machache, pale baadhi ya wabunge walipotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu, ambaye angaliweza kujipatia sifa kwa kuwaridhisha walio wengi, alikataa katakata kuufunga uraia na rangi ya ngozi badala ya utii kwa nchi, akatamka kwamba serikali yake ingejiuzulu endapo shauri lake lingekataliwa. Shauri likapita, na tangu Januari 1962 shule za rangi mbalimbali zikawekwa chini ya utaratibu mmoja.

Insafu hiyo ndiyo iliyompa ulimi wa kuikemea Afrika Kusini na Rhodesia bila ya kuona haya. Na reli ya TAZARA ipitayo Makambako, yenye kilomita 1,860 na iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975, ni ushahidi wa kauli hiyo, kwani ilikusudiwa kuiepusha Zambia na njia za kusini zilizoshikwa na serikali za walowezi.

Wako miongoni mwetu waliokwisha kunyimwa nyumba au kazi kwa sababu ya rangi au jina, nasi ni wajibu wetu kusimama nao mbele ya sheria. Lakini madhali tunadai, na tujiulize: mke au mume wa rangi nyingine, kijana aliyezaliwa huku asiyejua Kibena wala Kikinga, wana hadhi gani katika vikao vyetu? Rai ya jarida hili ni kwamba uanachama, uongozi na haki ya kusema viwe vya kila aitumikiaye jumuiya kwa uaminifu, na jambo hili liandikwe katika katiba yetu kabla ya uchaguzi ujao, maana ndani ya jumuiya hii wenye nguvu ni sisi.