Sauti za Busara: Wanaovuna nao wapande

MTEGEMEA cha nduguye hufa maskini, walinena wahenga. Methali hiyo inafaa kukumbukwa kila itajwapo historia ya Sauti za Busara, tamasha la muziki la kila Februari kisiwani Unguja.

Tamasha hilo lilianza 2004, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Busara Promotions, shirika lisilo la kibiashara lililoongozwa na Yusuf Mahmoud. Jukwaa kuu liliwekwa uwanjani ndani ya Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwang'oa Wareno mwishoni mwa karne ya 17.

Hapo ndipo Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliposhangiliwa na vijana wenye umri wa vitukuu vyake. Hapo pia wanamuziki wa Kenya, wakiwemo Makadem na kundi la Sarabi, walipata hadhira kutoka pembe nyingi za dunia.

Hata hivyo, sifa za tamasha hili ndizo mzigo wake. Waandalizi walishikilia kwamba muziki upigwe papo hapo jukwaani, si kuimba kwa kufuatisha kanda. Mwimbaji wa kanda huhitaji tiketi moja ya ndege. Kundi la taarab lenye wapiga fidla, qanuni, ngoma na waitikiaji huhitaji nauli, vitanda na chakula cha watu wengi.

Isitoshe, wenyeji hutozwa kiingilio cha chini kuliko wageni wa ng'ambo, ili ngome isigeuke ukumbi wa watalii pekee. Ni uamuzi wa haki, lakini unapunguza mapato ya langoni. Kwa miaka mingi pengo hilo lilizibwa na wafadhili, hasa balozi na mashirika ya Ulaya.

Ufadhili ulipopungua, ukweli ulijitokeza. Tamasha la 2016 lilifutwa kwa kukosa fedha. Lilirejea Februari 2017, lakini onyo lilikuwa limetolewa. Mnamo 2019, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002 mjini humo, nacho kilikabiliwa na tishio la kufungwa kwa sababu iyo hiyo.

Je, ni nani anayefaidi? Wakati wa tamasha, wageni hulala hotelini, hula mikahawani, hupanda teksi na boti za kutoka Dar es Salaam. Zipo kampuni za humo nchini zilizojitolea kudhamini, lakini hisani ya wachache haiwezi kuwa msingi wa shughuli kubwa kiasi hiki.

Wapo watakaosema serikali ilipe yote. Hatari ni kwamba alipaye huenda akataka pia kuamua nani aimbe na aimbe nini. Njia salama zaidi ni hazina ya pamoja, ichangiwe na serikali na wenye biashara za utalii, isimamiwe na bodi huru.

Sisi Wakenya wenye Lamu na Mombasa tusilitazame suala hili kama la jirani. Utamaduni unaojaza hoteli zetu hauwezi kuachiwa mfadhili wa mbali. Siku akiondoka, hataondoka na fedha zake tu. Ataondoka na ngoma pia.