Masako: chumvi yenye iodi isingoje mama afike CPN

Kule Masako, kilometa karibu 15 kutoka Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, muhogo ni chakula cha kila siku na chumvi haikosi jikoni. Lakini ni wachache wanaojua kwamba vitu hivyo viwili vinagusa akili ya mtoto ambaye bado yuko tumboni.

Mbele ya shingo, kila mtu ana tezi ndogo iitwayo tiroidi. Mama akipata mimba, tezi hiyo huongeza kazi: homoni yake katika damu inaweza kupanda kwa karibu nusu. Hilo si ugonjwa. Katika miezi ya kwanza mtoto hawezi kujitengenezea homoni hiyo ya kutosha, basi ubongo wake hujengwa kwa ile ya mama.

Lakini bila iodi, tezi haiwezi kufanya kazi. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mama mjamzito apate mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine anahitaji 150. Iodi ikipungua, shingo huvimba. Ikikosekana sana, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, ao akili yake kubaki nyuma maisha yote.

Congo inaijua shida hii. Huko Uele, Ubangi na kwenye kisiwa cha Idjwi, waganga walikuta vijiji vyenye watu wengi wa shingo zilizovimba. Idjwi na Ubangi walionyesha pia kwamba muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huacha sumu ambayo, ikifika mwilini, inazuia tezi kupokea iodi. Hakuna anayeomba watu waache muhogo. Ulowekwe siku za kutosha, uanikwe vizuri, na chumvi iwe yenye iodi.

Tatizo ni wakati. Wamama wengi hufika CPN mimba ikiwa imepita miezi minne, wakati kazi kubwa ya ubongo imekwisha kuanza. Shauri la muuguzi siku hiyo ni zuri, lakini limechelewa. Ndiyo maana iodi inapaswa kuwa ndani ya sufuria mbele ya mimba, kwa kila nyumba, hata ya msichana ambaye hajaolewa.

Chumvi ya Kisangani inatoka mbali, kwa boti ao kwa malori. Kuipima si kazi ngumu: tone moja la dawa linageuza chumvi yenye iodi kuwa ya buluu. Wakaguzi wa serikali waipime bandarini na sokoni, na matokeo yatangazwe. Wauzaji waikinge na mvua na jua. Nyumbani, iwekwe katika chombo chenye kifuniko na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Rovu linaonekana shingoni. Akili iliyopotea tumboni haionekani mpaka mtoto aanze masomo, na hapo hakuna dawa ya kuirudisha.