Prodyuza, toa Auto-Tune kwenye kiolezo chako

Wadau, kuna prodyuza mmoja wa Mjini, jina kapuni, ana kasi balaa. Akifungua kompyuta tu kila kitu kipo: chaneli za sauti, mwangwi, mpaka majina yameshaandikwa. Hapo kongole. Studio unalipia kwa saa, nani ataka kumlipa mtu anapanga chaneli?

Sasa tatizo. Kwenye hicho kiolezo chake Auto-Tune imeshawashwa. Tulitoka Jambiani na daladala ya 309, mshkaji wetu kakulia kwenye taarab, kaimba kwa Rast. Maqam hiyo ina noti zinazokaa katikati ya vibonye vya kinanda, na ndo utamu wenyewe. Mashine ikazivuta zote zikae kwenye kibonye. Prodyuza: "Imenyooka!" Weee, nani kakuomba uinyooshe? Bibi yake kasikiliza, kauliza ni nani anaimba.

Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 bila ya kunyooshwa.

FL Studio na Cubase zinakubali violezo zaidi ya kimoja. Weka cha bongo fleva, weka na cha taarab, Auto-Tune imezimwa. Dakika tano tu, yakhe.