Hata Mwembamba Hupatwa na Ugonjwa wa Sukari



Mara nyingi twasikia watu wakisema: "Ugonjwa wa sukari ni wa matajiri wa mjini. Sisi wa Kasongo na Kabambare, tulao ugali wa muhogo na sombe, hautuhusu." Neno hilo si kweli, tena lina hatari. Kijana akikonda ghafula, akinywa maji bila kukata kiu, na kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, jamaa zake husema amerogwa. Huhangaika naye huku na huku, na siku ya kumpeleka kwa daktari huwa wamekwisha kuchelewa. Kwa hiyo juma hili twataka kueleza namna ugonjwa huu uanzavyo mwilini.

Chakula chetu, kiwe wali, muhogo, mahindi au ndizi, hugeuka tumboni kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Lakini yapasa iwe na kiasi, na viungo vinne hushirikiana kukilinda kiasi hicho.

Cha kwanza ni kongosho, nyama laini iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, mabwana von Mering na Minkowski walimtoa mbwa kongosho lake, wakaona mkojo wake umejaa sukari. Kongosho hutoa insulini. Hiyo ni kama mjumbe apitaye damuni na kuviambia viungo vingine: "Chakula kimefika, kipokeeni."

Cha pili ni ini, ghala ya mwili. Mganga Mfaransa Claude Bernard, kati ya mwaka 1848 na 1857, alionyesha ya kuwa ini hutengeneza sukari na kuiweka akiba. Tukiisha kula, ini huweka. Usiku tulalapo, hutoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula chake. Mjumbe asipofika, au asiposikiwa, ini hufanya kana kwamba kuna njaa, likazidi kumwaga sukari katika damu iliyokwisha kujaa. Ndiyo sababu mgonjwa aweza kuwa na sukari nyingi asubuhi, naye hajatia kitu kinywani.

Cha tatu ni misuli. Baada ya chakula, misuli hupokea sehemu kubwa ya sukari. Tena ifanyapo kazi, huivuta hata bila kungoja insulini. Basi alimaye kwa jembe na aendaye sokoni kwa miguu wana kinga njema.

Cha nne ni mafuta ya mwili, akiba ya siku nyingi. Yakizidi, hasa tumboni, huingia katika ini na misuli, navyo huwa vizito wa kumsikia mjumbe. Kongosho hulazimika kutuma wajumbe wengi zaidi, hata likachoka. Hiyo ndiyo aina ya pili ya kisukari, iliyoenea kupita zote duniani. Humnyemelea aliyeacha jembe, apandaye pikipiki kila siku na kunywa soda na bia, akiwa Kindu mjini au kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya.

Lakini yule kijana aliyekonda je? Huenda mwili wake wenyewe umeziharibu sehemu za kongosho zitoazo insulini. Hiyo ni aina ya kwanza. Insulini ikikosekana kabisa, mafuta huyeyuka ovyo, na ini huyageuza kuwa asidi. Pumzi hunuka kama tunda lililoiva mno, mgonjwa hutapika, kisha huzimia. Zamani wote wa namna hiyo walikufa. Mwezi wa Januari 1922, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alichomwa sindano ya insulini, akapata kuishi miaka mingine 13.

Iko na aina nyingine, itokanayo na njaa. Ilielezwa huko Jamaika mwaka 1955, na mwaka 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliipa jina la aina ya tano. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha tangu tumboni mwa mama yake, kongosho lake huenda lisipate nguvu. Jambo hili latuhusu sana, maana jamaa nyingi za Kabambare zimekimbia mashamba yao kwa sababu ya vita.

Wengine huulaumu muhogo. Mwaka 1992 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika kijiji kimoja cha Tanzania, ambako watu walikula muhogo mchungu kwa wingi. Madaktari hawakuona kisukari kuwa kingi zaidi huko. Hata hivyo muhogo ni wanga karibu mtupu. Yafaa mtoto aongezewe maharagwe, karanga, samaki au yai.

Basi tufanyeje? Tuzijue dalili: kiu isiyokwisha, mkojo mwingi, kukonda, uchovu, vidonda visivyopona. Mwenye dalili hizo aende kituo cha afya apimwe damu ya kidole. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikifika miligramu 126 katika desilita moja ya damu, kipimwe tena na daktari aamue. Asipewe dawa za jirani, kwa kuwa aina ni mbalimbali, na insulini ikizidi yaweza kuua. Naye aliyeandikiwa insulini asiiache kwa sababu ameona nafuu, wala kwa kuahidiwa mizizi.

Wazazi, mtoto akianza kukonda na kunywa maji kupita desturi, msikae kumtafuta aliyemroga. Mpelekeni apimwe siku ile ile.