Kura ya Mchujo Isiuchuje Udugu



Juma hili twawaandikia kutoka Iguhu, katika eneo bunge la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, ambako Waidakho ndio wenyeji, nasi tuliotoka Pwani tumekaribishwa tukasomesha watoto. Ni mbali na bahari, lakini si mbali na mambo yetu. Wafanyabiashara wa Pwani waliufikisha Uislamu kwa Wawanga katika karne ya 19, na mji wa Mumias ungali shahidi wa safari zile. Na jambo tulikusudialo leo lawagusa watu wa Iguhu kama liwagusavyo watu wa Mombasa, Lamu na Kwale. Nalo ni ugomvi unaobaki majumbani baada ya kura za mchujo.

Twasema juu ya kura ile ambayo wanachama wa chama kimoja huipiga wenyewe kwa wenyewe ili wamchague atakayeibeba bendera yao. Mtu angedhani ugomvi wake ungekuwa mdogo kuliko ule wa uchaguzi mkuu, kwani waliomo wana ilani moja na kiongozi mmoja. Lakini kinyume chake ndicho kionekanacho. Mpinzani wa chama kingine aghalabu yuko mbali. Mpinzani wa mchujo ni jirani, ni shemeji, ni mwalimu wa mtoto wako, ni mwenzio katika kikundi cha akiba. Anazijua siri zako nawe wazijua zake. Maneno yakitoka hupiga palepale penye kidonda. Na kwa kuwa hakuna tofauti kubwa ya sera ya kujadiliwa, watu hugombania ukoo, hugombania nani alitangulia chamani, nani alilala na njaa siku za kupigania mageuzi, na nani amesogea karibu baada ya sinia kutengwa.

Wanaolipa gharama yake ni kina nani? Aghalabu ni wanawake. Tumeshuhudia wake wa ndugu wawili, wanaoteka maji pahali pamoja, wakipishana njiani bila salamu kwa kuwa kila mmoja alijifunga leso ya mgombea wake. Tumeshuhudia kikundi cha akina mama cha kuchangiana kikivunjika katikati ya mzunguko, na mama ambaye zamu yake ya kupokea ilikuwa imekaribia akabaki mikono mitupu, na fedha zile ndizo zilizokuwa karo ya mwanawe. Mgombea aliyeshinda hakujua, na aliyeshindwa pia hakujua. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi.

Tusidhani kwamba maradhi haya yameanza jana. Wazee wetu wanaukumbuka mlolongo. Mwaka 1986 chama cha KANU, kilichokuwa chama pekee nchini, kiliamua kwamba katika mchujo wapiga kura wasitumie karatasi ya siri, bali wasimame mstari nyuma ya wanaowataka. Utaratibu huo ukatumika 1988, na aliyepata asilimia 70 au zaidi ya mstari alipita bila ya kupingwa tena. Fikirini hali ilivyokuwa. Mtu alisimama mbele ya bwana shamba, mbele ya chifu, mbele ya baba mkwe, na kila jicho likaona mgongo wake umeelekea wapi. Wako waliotangazwa washindi ilhali mstari wao ulikuwa mfupi, na kila mtu aliuona. Mwaka 1990 chama chenyewe kilikubali kuuacha utaratibu huo, lakini yaliyoonwa na macho hayakufutika kwa azimio la mkutano.

Kisha wakaja watu wa mageuzi. Mwaka 1991 wazee sita waliunda FORD ili kudai vyama vingi, nao ni Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Salim Bamahriz. Bamahriz alikuwa mtu wa Mombasa, na Shikuku alikuwa mtu wa Butere, hapa hapa Kakamega. Pwani na Magharibi zilikaa mkeka mmoja. Desemba mwaka ule ule kifungu kilichokataza vyama vingi kikaondolewa katika katiba. Lakini ulipofika wakati wa kumtafuta mgombea urais, FORD ilipasuka, na mojawapo ya sababu ni hii hii tunayoizungumza leo. Hawakukubaliana mgombea achaguliwe namna gani, na wajumbe au na wanachama wote. Kukawa na FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba, na Mwai Kibaki alikuwa kando na chama chake cha DP.

Uchaguzi ulifanyika Desemba 29, 1992. Zaidi ya asilimia 60 ya waliopiga kura hawakumchagua Rais Daniel arap Moi, lakini kura hizo ziligawanyika mafungu, naye akashinda kwa asilimia 36 hivi. Waliotaka mageuzi walingoja miaka kumi mingine. Desemba 27, 2002, wengi wa waliokuwa wametengana waliungana katika NARC, na Kibaki akapata takriban asilimia 62. Nchi ilikuwa ile ile na wapiga kura wengi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba viongozi walikaa pamoja kabla ya kura, na wafuasi wakakubali kumpigia ambaye hakuwa chaguo lao la kwanza.

Hatusemi haya ili kukipendelea chama. Waraka huu ni wa familia, na katika familia zenu mmo wa kila rangi. Twayasema ili ionekane kwamba hasira za mchujo zina bei, na bei hiyo hulipwa na wengi kwa muda mrefu.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2022 ratiba iliyowekwa na Tume ya Uchaguzi ilitaka michujo ifanyike kati ya Aprili 16 na 22. Wengi wenu mwakumbuka kwamba huo ulikuwa mwezi wa Ramadhani, 1443 Hijria. Watu walifunga mchana wakatukanana jioni. Hata hivyo, mwezi huo huo Mombasa ilionyesha mfano mwema. Abdulswamad Nassir na Suleiman Shahbal walikuwa wakiitaka tiketi moja ya ugavana, na mji ulikuwa umegawanyika. Mazungumzo yakafanyika, Shahbal akampisha mwenziwe, na wakasimama pamoja hadharani. Nassir alishinda ugavana, na baadaye Shahbal akaingia Bunge la Afrika Mashariki. Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mapatano ya wakubwa, na kweli ndivyo. Lakini mji ulipumua.

Mfano wa upande wa pili uko jirani na Kakamega, katika Kaunti ya Busia. Aprili 2017 mchujo wa ODM wa ugavana kati ya Sospeter Ojaamong na Paul Otuoma ulizua mabishano makali. Otuoma akagombea bila chama na hakufanikiwa. Mwaka 2022 alirudi na tiketi ya chama kile kile akashinda. Kumbe aliyeitwa msaliti mwaka mmoja aweza kuwa mshika bendera miaka mitano baadaye. Basi yule jirani aliyekatiana salamu na mwenziwe kwa ajili ya wanasiasa hawa, na wao wakarudi chini ya paa moja, amebaki na nini?

Hapa Ikolomani watu wana mchezo wao wa fahali. Wafugaji huwaleta uwanjani fahali wawili, umati hushangilia, na pembe hugongana. Lakini kuna mpaka unaojulikana na kila mtoto. Fahali mmoja akigeuka akakimbia, pambano limekwisha. Hakuna amfuataye aliyeshindwa hadi zizini kwake ili kumtukana. Tungependa watu wa siasa wajifunze kwa wafugaji. Ngoma ya isukuti nayo, ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 katika urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Kila moja ina sauti yake, wala ngoma kubwa haitaki ile ndogo inyamaze.

Sasa twafika kwenye jambo zito. Wako wasemao kwamba dawa ya mgawanyiko ni kuyafunika yote, yaliyopita yamepita. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyeibiwa kura ukimwambia anyamaze kwa ajili ya umoja, umemdhulumu mara mbili. Ibara ya 91 ya Katiba ya 2010 inavitaka vyama viendeshe chaguzi huru na za haki ndani yake. Mwenye malalamiko ana mlango: kwanza vyombo vya chama chake, kisha Mahakama ya Migogoro ya Vyama vya Siasa. Na asiyeridhika kabisa anaruhusiwa na Ibara ya 85 kusimama kama mgombea huru, mradi awe ameacha uanachama walau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kufanya hivyo ni haki yake, wala si usaliti. Sura ya 49 ya Qur'ani Tukufu, al-Hujurat, inapotuamuru kusuluhisha baina ya makundi mawili ya waumini yanapopigana, inaifunga suluhu hiyo na uadilifu. Kisha sura hiyo hiyo ikaja kutukataza dharau, majina ya kejeli, dhana mbaya na kusengenyana. Tazameni kama kuna dhambi ya msimu wa kampeni iliyosahauliwa hapo.

Na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, kabla hajapewa utume, aliwakuta Makureshi karibu kumwaga damu kwa kugombania nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake katika Al-Kaaba. Hakuwaambia jambo hilo ni dogo, wala hakulipa kabila moja fahari yote. Alitandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, akaitaka kila kabila ishike upande wake, wakanyanyua pamoja, kisha akaliweka kwa mkono wake. Hakuna aliyerudi nyumbani akiwa amevunjiwa heshima. Huo ndio upatanisho tuutakao, kila mtu aone kwamba mkono wake umo.

Basi tufanyeje? Twapendekeza machache yanayowezekana katika nyumba na mtaa.

La kwanza, aliyeshinda ndiye atangulie. Wafuasi wa mshindi waende kwa walioshindwa, si kinyume chake, tena waende bila ngoma wala pikipiki za kupiga honi mbele ya lango la mtu. Tumefundishwa kwamba si halali Muislamu kumsusa nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni yule aanzaye kwa salamu. Siku tatu zatosha kumeza uchungu wa mchujo.

La pili, akina mama wenye vikundi waandike katika kanuni zao kwamba fedha za kikundi na siasa havikutani. Mwanachama avae leso aitakayo, lakini zamu yake ya kupokea haiguswi wala mchango wake hausimami. Waliandike jambo hili mapema, watu wakiwa wametulia, maana katikati ya joto hakuna asikiaye.

La tatu, simu. Ujumbe wa kumkashifu mtu ukikufikia, uishie kwako. Usiutume katika kundi la familia kwa kisingizio cha kuuliza kama ni kweli. Ulimi hauna mfupa, na kidole nacho siku hizi kimekuwa ulimi.

La nne, tusilazimishane. Kupatana hakumaanishi kwamba aliyempenda aliyeshindwa sasa ni lazima ampigie aliyeshinda. Ibara ya 38 imempa kila raia uhuru wa uchaguzi wake. Mume asimtake mkewe ale kiapo, wala mama asimnunie mwanawe. Tunachotaka ni salamu, mazishi ya kuzikana, na sahani ya futari ivukayo ua.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Agosti 10, 2027, na michujo itautangulia. Agosti 2022 karatasi za ugavana za Kakamega na Mombasa ziliharibika, na watu wa kaunti hizi mbili tukangoja pamoja hadi Agosti 29 ili tupige kura hiyo. Tulisubiri, na hatukupigana. Subira hiyo twaweza kuitumia tena.

Kwa hiyo twawaomba, kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wenu amkumbuke mtu mmoja ambaye siasa ilimtenga naye, ampigie simu au abishe hodi kwake. Asianze na habari za kura. Aulize hali ya watoto.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu, azihifadhi nyumba zetu, na awape viongozi wetu uadilifu. Wabillahi tawfiq.