Kisu kizuri ni kile kisichotisha mtu

Wiki hii watu kama saba wameniuliza swali moja: "Buda, nataka kisu cha kukunja cha kuweka mfukoni, nichukue gani?" Nami nawauliza, ni cha kazi gani? Wanne wakajibu ni cha kujilinda usiku. Sasa acha niseme mapema ndio wa kukasirika wakasirike mapema. Kama unataka kisu cha kujilinda, usinunue. Hiyo pesa panda nayo boda mpaka mlangoni.

Nasema haya na mimi mwenyewe natembea na kisu karibu kila siku. Kifurushi kikitumwa na matatu kutoka ushago, ile selotepu wamezungusha mara kumi haifunguki na meno. Nakata embe, nafungua soda, nachuna waya wa chaja, nakata uzi unaoning'inia kwa shati dakika mbili kabla ya kurekodi. Kazi ya kisu cha mfukoni ni hiyo tu. Vitu vidogo vidogo.

Kisu changu cha kwanza nilinunua tao, kwa mchuuzi aliyetandika bidhaa kwa gunia. Soo tatu na hamsini. Kilikuwa cheusi tii, mpini una matundu, ukibonyeza bapa linaruka lenyewe, klak! Nikajiona niko sinema. Siku ya tatu nilikuwa nakata kamba ya nailoni iliyofunga taa yangu, nikasukuma ncha kidogo, kufuli ikaachia, bapa likarudi kwa vidole. Nyuzi nne kwa kidole cha shahada, na bili ya kliniki ilikuwa mara nyingi bei ya kisu. Wiki mbili sikuweza kuhariri video.

Baadaye nilikiangalia vizuri nikaelewa. Ndani ya mpini wa kisu cha aina hiyo kuna kipande cha chuma kinachosogea na kukaa nyuma ya bapa ukishalifungua. Hicho ndicho kinazuia bapa lisirudi. Kwa kisu kizuri ni kinene na kinaegemea bapa sawasawa. Kwa kile changu kilikuwa chembamba kama bati la mkebe, na kilishika ukingoni tu. Kwa hivyo kabla hujalipa, fungua, shika mpini, tikisa bapa kushoto kulia. Likicheza, rudisha. Alafu gonga mgongo wa bapa polepole kwa ubao, vidole vikiwa mbali na njia yake. Likijikunja hata mara moja, sema asante uende. Muuzaji akikataa ujaribu, hilo nalo ni jibu.

Lakini maoni yangu, na najua wapenzi wa visu watanishambulia hapa, ni kwamba wengi wetu hatuhitaji kufuli kabisa. Kuna visu vya springi ya mgongoni. Bapa linashikiliwa na springi peke yake, na ukilisukuma vibaya linajikunja. Inaonekana kama udhaifu. Kwangu imekuwa mwalimu: mkono unajua hakuna kufuli, kwa hivyo hauchomi ncha ovyo, unakata kwa kuvuta. Kufuli mbovu ni hatari zaidi kwa sababu inakudanganya kwamba iko.

Cha aina hiyo kinachojulikana zaidi ni kile chekundu cha Uswisi chenye msalaba, Victorinox. Karl Elsener alifungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, na 1891 akaanza kupelekea jeshi la Uswisi visu. Watu wakisikia "kisu cha jeshi" wanafikiria vita. Ukweli ni kwamba jeshi lilitaka kitu cha kufungua mikebe ya chakula na skrubu za bunduki mpya ya 1889. Basi. Mwanajeshi alikuwa na bunduki tayari, kisu kilikuwa cha kula na cha ufundi. Mimi napenda hiyo stori sana kwa sababu inamaliza ubishi: hata jeshini, kisu cha mfukoni hakikuwa silaha.

Kile kidogo kabisa, Classic, kina urefu wa milimita 58 kikiwa kimefungwa, na kina makasi na tupa ya kucha. Kinaning'inia na funguo hata unakisahau. Mimi niko na Spartan, milimita 91, niliyomnunulia msee mmoja ikiwa imetumika. Feki ni nyingi sana, kwa hivyo angalia shina la bapa, pale karibu na mpini. Ya ukweli imechapwa jina la Victorinox kwenye chuma chenyewe. Alafu fungua kila kifaa kimoja kimoja. Springi inafaa kukujibu, tap, ukifungua na ukifunga. Feki nyingi zinafunguka kama mlango wa kabati la zamani.

Kuhusu chuma, kwanza: bapa likiwa limeandikwa "Stainless" tu, bila jina la aliyelitengeneza, hujaambiwa kitu. Chuma cha Victorinox si kigumu sana, ni kama 56 kwa kipimo cha Rockwell. Mtandaoni kuna wasee wanaabudu vyuma vya 60 na zaidi, vinavyokaa na makali muda mrefu. Sawa. Lakini makali yakiisha utakinoa na nini hapo kwa keja? Chuma cha kadiri unakinoa na kitako cha kikombe. Si mzaha. Geuza kikombe cha kauri, ule mviringo wa chini usiong'aa ndio jiwe lako. Laza bapa, inua mgongo wake kidogo, kama digrii 20 hivi, vuta kana kwamba unataka kumenya kikombe. Upande huu, upande ule. Dakika tano kinakata karatasi. Yule mzee wa baiskeli anayepita mtaani akinoa visu namheshimu, lakini jiwe lake linazunguka kwa kasi, na bapa jembamba likipata moto chuma kinapoteza ugumu wake. Mpelekee panga na kisu cha sukuma wiki.

Ukitaka bapa moja tu bila vikorokoro, kuna Opinel ya Ufaransa. Inatengenezwa Savoie tangu 1890, mpini wa mbao, na tangu 1955 ina pete ya chuma unayozungusha kufunga bapa. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na inakata nyanya kama wembe. Kasoro yake ni mbao: ikilowa inavimba, bapa linagoma kutoka. Na usichukue ile ya chuma cha kaboni kama unaishi Mombasa. Embe moja tu imegeuka rangi, na kutu inafuata. Chukua iliyoandikwa Inox.

Na Okapi? Najua. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ikilenga soko la Afrika, siku hizi inatoka Afrika Kusini. Kwa kazi sina shida nayo, bei nafuu, inanoleka haraka. Shida ni jina. Ile ncha ndefu na ule mlio wa meno ukifungua, krr krr krr, watu wameuhusisha na ukora miaka mingi. Hilo jina litamfikia karao kabla hujafungua mdomo.

Na hapo ndipo swali la "kisu gani" linakuwa swali lingine kabisa. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukipatikana na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba ulikuwa na nia ya kutenda kosa kubwa la jinai, ni jela miaka isiyopungua 7 na isiyozidi 15. Rudia hayo maneno: mazingira yanayoonyesha. Saa nne usiku kwenye kona, ni nani anayasoma hayo mazingira? Si wewe. Yeye anaona kijana, kofia, begi mgongoni, na kisu cheusi cha kuruka chenyewe. Ukijitetea na "ni cha kujilinda, afande", umemsaidia kuandika taarifa. Umekiita silaha na mdomo wako.

Mimi nimewahi kupekuliwa nikitoka kurekodi. Afande akatoa Spartan, akaifungua vifaa vyote, akafika kwa kile kizibuo cha mvinyo akacheka. Akaniuliza, "Na hii divai unanunuliwa na nani?" Akanirudishia. Sisemi sheria inaangalia rangi ya mpini. Siku nyingine, kwa afande mwingine, pengine ningelala ndani na hicho hicho. Lakini nafasi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa kubwa kwa sababu kitu chenyewe kilionekana vile kilivyo, kifaa cha mtu wa kufungua soda.

Kuna siku pia kinabaki kwa droo. Mechi, klabu, shule, mahakama. Maandamano na mikutano ya siasa kabisa, maana hata Sheria ya Utulivu wa Umma inakataza silaha huko, na hutataka kuanza kubishana kama makasi ni silaha ukiwa nyuma ya lori. Ukisafiri kwa ndege, kiweke kwa begi linaloenda chini, si lile la mkononi, la sivyo kitabaki kwa ndoo ya pale mlangoni.

Sasa nyinyi wanne wa kujilinda. Ukimtolea kisu mtu anayetaka simu, umebadilisha bei. Simu ilikuwa ya elfu kumi na tano. Sasa kinachouzwa ni maisha ya mmoja wenu, na mara nyingi yeye hayuko peke yake, na wewe bado unatafuta kucha ya kufungulia bapa na mikono inatetemeka. Na hata ukishinda, umeshinda nini? Kesho yake uko seli ukieleza vile ulikuwa unatoka kazini. Toa simu. Uende ukablock laini.

Kama bado unataka kisu cha embe na selotepu, Classic inakutosha, na kama pesa haitoshi sasa hivi, subiri mwezi mwingine badala ya kununua kile cha gunia. Cha kwangu cha soo tatu na hamsini bado niko nacho, nimekizungushia selotepu bapa lisifunguke. Kuna msee aliniomba nimuuzie soo mbili. Nimekataa.