Nani Atakaa Karibu na Kituo?

Mji wetu wa Moshi ni mtoto wa reli. Zamani jina la Moshi lilikuwa la mlimani, kule tunakokuita leo Old Moshi, kwenye makao ya Mangi na ngome ya Wajerumani. Reli kutoka Tanga ilipowasili mwaka 1911, kituo kilijengwa huku chini kwenye tambarare. Ofisi za utawala zikashuka kukifuata, maduka yakazifuata ofisi, na watu wakayafuata maduka. Hata jina lilishuka pamoja nao, na kule juu kukabaki kuitwa Moshi ya Kale.

Tangu hapo jambo hili halijabadilika: palipo na kituo cha usafiri, watu hutaka kukaa, na ardhi hupanda bei. Ndivyo ilivyo kuizunguka stendi kuu yetu ya mabasi na kandokando ya njia za daladala ziendazo Majengo, Pasua, Kiboriloni na KCMC. Mwaka 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, na wengi walifurahi kurudi nyumbani kwa Noeli kwa nauli nafuu. Lakini ni wachache waliojiuliza swali linalofuata: je, kando ya vituo hivi pajengwe nini, kwa ukubwa gani, na kwa ajili ya nani?

Waamini wengi hudhani swali hilo ni la wahandisi na maafisa wa mipango miji peke yao. Makala haya yanashikilia kwamba sivyo. Kanuni ya ukubwa wa majengo ni kanuni ya kugawa ardhi, na ugawaji wa ardhi ni jambo la haki.

KANUNI HIZO NI ZIPI?

Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, inazipa halmashauri za miji mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi. Katika mipango hiyo maeneo ya makazi hutengwa kuwa ya msongamano mkubwa, wa kati au mdogo. Kisha huwekwa masharti: sehemu gani ya kiwanja ifunikwe na jengo, ghorofa ngapi ziruhusiwe, jengo likae mbali kiasi gani na mpaka wa jirani, na nafasi ngapi za magari zitengwe.

Tutoe mfano rahisi. Chukua kiwanja cha meta 20 kwa 30, yaani meta za mraba 600. Kanuni ikiruhusu nusu yake ifunikwe, na ghorofa nne zijengwe, tunapata jumla ya sakafu ya meta za mraba 1,200. Hapo familia nane zinaweza kupata makazi ya heshima, pamoja na ngazi na njia za kupita. Lakini kanuni ikisema kila kiwanja cha namna hiyo kiwe na nyumba moja ya familia moja, basi familia hizohizo nane zitahitaji viwanja vinane, yaani meta za mraba 4,800. Tofauti ni meta za mraba 4,200, ambazo ni zaidi ya ekari moja. Hapa mlimani wazee wamelea watoto na kuwasomesha kwa kihamba kisichofikia ekari hiyo.

ARDHI YETU INA MWISHO

Yapo maeneo ya nchi yetu ambako mji ukijaa husogea tu porini. Kwetu sivyo. Juu yetu ni msitu, ambao sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na msitu huo ndio mlinzi wa vijito na mifongo yetu. Chini yake ni vihamba vya migomba na kahawa, ambavyo kila kizazi kimevigawa kwa wana hata vingine vimekuwa vipande visivyoweza kugawanywa tena. Chini zaidi ni mashamba ya tambarare, kama yale ya Mabogini, kunakolimwa mpunga wa umwagiliaji tangu mradi wa Lower Moshi ulipokamilika katika miaka ya 1980.

Manispaa ya Moshi ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki mbili katika sensa ya mwaka 2022. Watu hao na watoto wao lazima wakae mahali. Wasipopata nafasi karibu na stendi na karibu na kazi, watanunua vipande vya kihamba kando ya barabara za Kibosho, Machame na Marangu, au watajenga katika mashamba ya tambarare. Migomba hukatwa, mfongo hufukiwa, na mnunuzi mwenyewe hulipa nauli mbili au tatu kila siku kufika mjini. Kwa hiyo anayekataa ghorofa karibu na kituo, hata kama hakukusudia, anapiga kura ya kukata migomba.

Wapo watakaosema kwamba ghorofa si desturi yetu, kwamba Mchagga hukaa kihambani pake, alikozaliwa na walikozikwa wazazi wake. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, nami ninaikubali. Lakini ndiyo hasa inayonifanya nitake mji ukue kwenda juu pale chini, kuizunguka stendi na reli, ili huku juu kihamba kibaki kihamba.

KANUNI ZISIZO NA HATIA HAZIKUWEPO

Tusijidanganye kwamba kanuni za msongamano zilitungwa kwa hesabu tupu. Wakati wa ukoloni miji yetu iligawanywa katika uzunguni, uhindini na uswahilini. Mzungu alipewa kiwanja kipana chenye bustani, na Mwafrika alipewa kiwanja chembamba. Ubaguzi wa rangi uliondolewa katika sheria, lakini ramani haikufutika pamoja nao. Mpaka leo Moshi ina mtaa uitwao Shanty Town, jina ambalo kwa Kiingereza lingemfanya mgeni atarajie vibanda, kumbe ndiko kwenye viwanja vikubwa na miti mingi. Wakati huohuo katika mitaa kama Pasua na Njoro familia zinabanana chumba kwa chumba.

Basi tukiulizwa ni wapi msongamano uongezwe, jibu la haki si kuendelea kuwabana waliokwisha kubanwa. Maeneo mapana yaliyo karibu na usafiri, barabara na mabomba ya maji nayo yabebe sehemu yake ya mzigo.

HATARI MBILI

Hatari ya kwanza ni kujenga juu pasipo kuheshimu kanuni. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Ilielezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefikia 16. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, na wafanyabiashara na vibarua wakafa chini ya kifusi. Kwa hiyo ninapotetea ghorofa karibu na kituo sitetei tamaa ya mwenye jengo. Ghorofa nne zilizokaguliwa, zenye mfumo wa maji taka, ngazi za kutokea wakati wa moto na udongo uliopimwa, ni bora kuliko ghorofa kumi zilizopitishwa kwa bahasha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa majengo haya, usipoziba ufa utachimba makaburi.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya zaidi, nayo ni kanuni nzuri inayomsahau maskini. Mji wa Curitiba huko Brazil unasifiwa duniani kwa kuruhusu, tangu miaka ya 1970, majengo marefu kandokando ya njia kuu za mabasi. Mpango huo ulifaulu kwa usafiri. Lakini ardhi ya kandokando ya njia hizo ilipanda bei, na wengi wa maskini wakajikuta wakikaa pembezoni, mbali na mabasi yale yale. Nasi hapa nchini tumeona mabasi yaendayo haraka yakianza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Yafaa tujifunze kabla jambo kama hilo halijatufikia.

Tazama jinsi linavyoweza kutokea kwetu. Mwenye nyumba ya vyumba sita karibu na stendi anapata mnunuzi. Anauza kwa bei nzuri, na ni haki yake. Lakini katika vyumba vile sita mlikuwamo mama lishe, fundi cherehani, kijana mpiga debe, na mjane mwenye watoto watatu. Hao hawana hati wala mkataba wa maandishi. Sheria iliyozuia kodi za pango kupandishwa ovyo ilifutwa mwaka 2005. Fidia, pale inapolipwa, humwendea mwenye ardhi. Miezi michache baadaye jengo linainuka, nao wamehamia mbali, na kila asubuhi wanalipa nauli ili kurudi kuuza chakula mbele ya ghorofa lililosimama mahali walipokuwa wakilala.

Je, thamani ile ya kiwanja ilitoka wapi? Mwenye kiwanja hakuileta peke yake. Ililetwa na stendi iliyojengwa kwa kodi za wote, na reli iliyofufuliwa kwa fedha za umma, na wateja waliozoeshwa na mama lishe yule. Kama umma ndio uliozaa thamani hiyo, ni haki umma upate sehemu yake.

TUNADAI NINI?

Kwanza, kanuni ziruhusu majengo ya ghorofa kadhaa katika maeneo yanayoweza kufikiwa kwa miguu kutoka stendi na kituo cha reli, na wakati huohuo zilinde vihamba na mashamba ya umwagiliaji. Mambo haya mawili yaende pamoja. Moja bila jingine ni nusu ya haki. Hata nchi tajiri zimeanza kuona hivyo. Mwaka 2025 jimbo la California huko Marekani, ambalo kwa miaka mingi maeneo yake mengi ya makazi yaliruhusu nyumba ya familia moja tu, lilipitisha sheria ya kuruhusu majengo marefu zaidi karibu na vituo vikubwa vya usafiri.

Pili, anayepewa ruhusa ya kuongeza ghorofa alipe kwa ruhusa hiyo. Atenge sehemu ya vyumba kwa kodi nafuu, na sakafu ya chini iwe na nafasi kwa wafanyabiashara wadogo waliokuwapo kabla yake.

Tatu, masharti ya maegesho yapunguzwe karibu na vituo. Kulazimisha nafasi ya gari kwa kila nyumba mahali ambapo wengi hupanda daladala ni kumtoza asiye na gari gharama ya gari la mwenzake.

Nne, familia zenye viwanja zisidhani kuwa njia ni kuuza tu. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 inaruhusu watu kumiliki sehemu ndani ya jengo moja, kila mmoja kwa hati yake. Ndugu wanaogombania kiwanja cha marehemu baba yao wanaweza kujenga pamoja, kila mmoja akapata sehemu yake, na urithi usitoke mikononi mwa ukoo. Na binti apewe sehemu yake sawa na kaka zake. Hati ya ghorofani haiulizi kama mwenye jina ni mume au mke.

Tano, wananchi wawepo mipango inapoandaliwa. Sheria inataka wadau washirikishwe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nasi tukabaki majumbani, tusishangae kuamka na kukuta alama nyekundu ya X ukutani. Viongozi wa jumuiya wanaojua kuandika kumbukumbu za vikao wanaweza kabisa kwenda halmashauri, kuomba kuona ramani, na kuuliza yaliyoandikwa juu ya mtaa wao.

Ndugu wasomaji, babu zetu walikifuata kituo wakateremka, na mji ukazaliwa. Hawakuulizwa nani akae wapi. Ramani ilichorwa na wengine. Sisi tuna sheria, tuna kura, na tuna mikutano ya mitaa. Wajukuu wetu watatuuliza kwa nini waliowapikia wasafiri na kuwashonea nguo hawakupata pa kulala karibu na kituo, na kwa nini kihamba kilikatwa wakati palikuwa na nafasi juu ya stendi. Tukiwa tumekaa kimya, jibu letu litakuwa nini?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni vipande vingapi vya kihamba vimeuzwa kwa ajili ya nyumba katika miaka ya karibuni, na wanunuzi wanafanya kazi wapi?

2. Ni nani kati yetu ni wapangaji karibu na stendi? Wana mikataba ya maandishi?

3. Nani kati yetu atakwenda halmashauri kuomba kuona mpango wa eneo letu, na lini ataturudishia taarifa?